MAJI MATATU YALIYOFANANA

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima: Historia ya jinsi watu walivyojifunza kutambua kitu kilichoyeyuka ndani ya maji

Natumaini kila darasa limekwisha kaa, redio imewekwa mahali ambapo wote wanaisikia, na mwalimu ana chaki mkononi. Nanyi mtakaolisoma somo hili baadaye katika karatasi, lisomeni polepole, na mwenye kujua kusoma amsaidie jirani yake.

Somo la leo ni la historia. Hatutazungumza habari za wafalme wala za vita. Tutazungumza habari za swali moja ambalo watu wamejiuliza tangu zamani sana: maji haya yaliyo mbele yangu yana nini ndani yake? Pengine mtaona ni swali dogo. Nitawaeleza kwanza jambo lililonifanya nilichague.

Siku moja nilikuwa nikizungukia madarasa yetu upande wa Geita, katika kijiji kimoja karibu na mialo, yaani mahali pale wachimbaji wanapooshea mchanga wenye dhahabu. Tulikuwa tunaandika ubaoni, mara tukasikia kilio nje. Mtoto wa kiume, wa miaka kama sita hivi, alikuwa amekuta chupa ya soda kivulini. Ilikuwa na maji meupe safi. Mtoto alikuwa na kiu, akanywa funda moja.

Watu wakakusanyika. Mmoja akasema, "Mpeni mafuta atapike." Mwingine akasema, "La, mtieni kidole kooni." Mama yake hakungoja shauri. Alimbeba mbio mpaka zahanati. Mtumishi wa zahanati akauliza swali moja tu: "Amekunywa nini?"

Hakuna aliyejua. Kijijini palikuwa na maji ya betri. Palikuwa na sayanidi, ile dawa ya kuyeyushia dhahabu. Palikuwa na dawa za kufulia nguo. Na palikuwa na maji ya kisima. Vyote hivyo, ukivitia katika chupa, hufanana.

Kwa bahati njema mtu mmoja alikuwa ameileta ile chupa. Mtumishi yule hakuyaonja yale maji wala hakuinusa chupa. Aliomba magadi kidogo kwa mama mmoja aliyekuwa akipika nje. Akatia matone machache ya yale maji juu ya kigae, akanyunyiza magadi juu yake. Magadi yakafoka povu. Akasema, "Hii ni asidi. Asitapishwe, maana ikirudi juu itamchoma koo mara ya pili." Mtoto alisuuzwa kinywa, akapelekwa hospitali upesi. Leo yu mzima, ingawa sauti yake imebaki ya kukwaruza.

Basi mimi nilirudi darasani nikifikiri. Yule mtumishi aliyauliza maji swali, na maji yakamjibu. Ni nani aliyewafundisha watu kuuliza maji? Hiyo ndiyo historia yetu ya leo.

1. ULIMI

Kipimo cha kwanza cha binadamu kilikuwa ulimi wake. Hapa kwetu wazee wa Kisukuma walikuwa wakifunga safari ndefu za miguu, kwa makundi, kwenda Ziwa Eyasi kuchukua chumvi. Safari hizo zilikuwa za hatari. Kulikuwa na kiu, wanyama wakali na maadui njiani. Watu waliofika huko walikuta nchi nyeupe kando ya ziwa. Sasa, mambo meupe ya namna hii hayawi yote chumvi ya kula. Mengine ni magadi, na mengine ni mchanganyiko. Mtu aliyetembea siku nyingi hakutaka kurudi na mzigo usiofaa. Alichovya kidole, akaonja. Chumvi ina ladha yake, magadi yana ukali wake.

Ulimi ni kipimo kizuri kwa vitu ambavyo watu wamevijua tangu zamani. Lakini una makosa mawili. Kosa la kwanza, hauwezi kutambua kila kitu. Maji ya visima vingine katika Mkoa wa Shinyanga yana floraidi nyingi, ambayo huyageuza meno ya watoto kuwa ya kahawia, na ulimi hausemi neno. Kosa la pili ni kubwa zaidi. Ulimi ni sehemu ya mwili wako. Ukiyaonja maji mabaya, jibu utalipata, lakini utakuwa umelilipia kwa afya yako au kwa uhai wako.

Kwa hiyo watu walihitaji kipimo kilicho nje ya mwili.

2. JIWE NA MAJI MAKALI

Haja hiyo ilionekana mapema sana katika biashara ya dhahabu. Wahenga walisema, vyote ving'aavyo si dhahabu. Mtu anaweza kuchanganya dhahabu na shaba, au dhahabu na fedha, na jicho lisijue. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, mwandishi Myunani aitwaye Theophrastus alieleza habari za jiwe jeusi lililopatikana katika nchi ya Lidia, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Mnunuzi alikwaruza dhahabu juu ya jiwe hilo, ikaacha mstari. Kando yake akakwaruza dhahabu nyingine ambayo ubora wake aliujua tayari. Kisha akalinganisha mistari miwili.

Shikeni jambo hilo, maana litarudi tena na tena: kitu usichokijua hulinganishwa na kitu unachokijua.

Baadaye watu wa nchi za Kiislamu waliendeleza elimu hiyo sana. Hata jina lenyewe, kemia, lilipita katika Kiarabu, al-kimiya. Neno alkali pia ni la Kiarabu. Maana yake ya asili ni majivu ya mimea fulani. Magadi yetu ya kupikia maharage ni ya jamii hiyo ya alkali. Bingwa mashuhuri wa elimu hiyo alikuwa Jabir ibn Hayyan, ambaye jina lake linahusishwa na mji wa Kufa, nchini Iraki, katika miaka ya 700. Watu hao waliendeleza kazi ya kunereka, yaani kuchemsha kitu na kukusanya mvuke wake ukipoa.

Kwa kazi hiyo ya kunereka yalipatikana maji makali, yaani asidi. Mnamo mwaka 1300 hivi, vitabu vilivyosomwa Ulaya vilieleza jinsi asidi ya nitriki inavyopatikana. Mwandishi wa vitabu hivyo alitumia jina la Jabir, kwa jinsi jina hilo lilivyoheshimiwa.

Sasa wafua dhahabu walikuwa na jiwe, na walikuwa na asidi. Wakatia tone la asidi ya nitriki juu ya mstari uliokwaruzwa. Kama ni shaba ya manjano, tone hutokota na kugeuka kijani, na mstari huliwa. Kama ni dhahabu safi, mstari hubaki vile vile. Na ikiwa ni fedha? Fedha nayo huyeyuka katika asidi hiyo, na maji yake hayana rangi. Mtu angeweza kudhani hakuna kitu. Lakini ukitia tone la maji ya chumvi ndani ya maji yale, papo hapo hutokea wingu jeupe kama maziwa yaliyoganda. Kisha wingu lile hushuka chini. Chembe hizo ngumu zinazotokea ndani ya maji na kushuka chini tutaziita mashapo.

Angalieni ajabu hii, ndugu zangu. Maji yenye fedha ni meupe. Maji yenye chumvi ni meupe. Yakikutana, kila moja hufichua siri ya mwenzake. Ukiwa na maji ya chumvi unaweza kutafuta fedha. Na ukiwa na maji ya fedha unaweza kutafuta chumvi.

3. RANGI ZINAZOJIBU

Katika mwaka 1664, Robert Boyle, mtaalamu aliyezaliwa Ayalandi, alichapisha kitabu juu ya habari za rangi. Alitumia maji matamu yaliyopikwa kwa maua ya rangi ya zambarau. Aliona kwamba akitia asidi, maji ya maua yanageuka mekundu, na akitia alkali yanageuka kijani. Akitia kitu kisicho asidi wala alkali, rangi haibadiliki. Basi kwa ua tu aliweza kuyagawa maji mengi katika mafungu matatu. Karatasi za litmasi zinazotumika shuleni hufanya kazi kwa desturi hiyo hiyo. Rangi yake hutoka katika viumbe vidogo vifananavyo na mimea, vinavyoota juu ya mawe na magome ya miti. Asidi huifanya nyekundu, na alkali huifanya ya buluu.

Baada ya Boyle, alikuja Torbern Bergman wa mji wa Uppsala, Uswidi. Yeye alichunguza maji ya chemchemi, maana watu wa huko walikuwa wakienda kuyanywa kama dawa. Katika mwaka 1778 alichapisha maandishi juu ya uchunguzi wa maji, akionyesha ni tone gani litiwe na ni alama gani itazamwe. Kisha katika mwaka 1841 kijana mmoja wa Kijerumani, Carl Remigius Fresenius, mwenye umri wa miaka 22, alitoa kitabu kilichoyapanga maswali hayo kwa utaratibu: uliza hili kwanza, jibu likiwa hivi fuata njia hii, likiwa vile fuata njia ile. Kitabu chake kilichapishwa mara nyingi na kutafsiriwa kwa lugha nyingine.

Kwa nini utaratibu ni jambo kubwa? Nitawapeni mfano wangu mwenyewe.

Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, mwalimu wetu wa kemia aliweka mezani chupa tatu, namba moja, mbili na tatu. Zote zilikuwa na maji meupe. Akasema, "Moja ni maji matupu, moja ni maji ya chumvi, moja ni asidi. Tambueni, lakini atakayeonja nitamtoa nje." Tulikuwa na kichupa cha maji ya fedha, yaani nitrati ya fedha. Tukatia tone katika namba moja, hapakutokea kitu. Tukatia katika namba mbili, likatokea wingu jeupe. Tukapiga kelele, "Chumvi!" Tukatia katika namba tatu. Lo! Wingu jeupe tena.

Tukanyamaza. Mwalimu akacheka, akasema, "Sasa mna chumvi mbili. Ni ipi mtakayotia katika mboga?"

Ile asidi ilikuwa asidi ya chumvi, iitwayo pia asidi hidrokloriki. Kitu kile kile kilichomo katika chumvi, ambacho huleta wingu jeupe kikikutana na fedha, kimo pia katika asidi hiyo. Kwa hiyo fedha ilijibu kweli, lakini swali letu halikutosha. Tulipochovya karatasi ya litmasi ya buluu, namba mbili haikuibadilisha. Namba tatu ikaifanya nyekundu. Hapo ndipo tulipojua.

Somo la siku ile sijalisahau: jibu moja halitoshi. Mtu akisema, "Nimetia dawa, rangi imegeuka, basi ni kitu fulani," mwulize, "Je, kuna kitu kingine kinachogeuza rangi hiyo hiyo?" Na yale maji ya betri tuliyoyataja? Hayo ni asidi pia, yatafanya litmasi nyekundu kama asidi ya chumvi. Lakini ni asidi ya salfa. Yeye hujulikana kwa tone la kloridi ya bari, ambalo huleta mashapo meupe yasiyoyeyuka hata ukiongeza asidi. Kila kitu kina swali lake.

4. DHAHABU ILIYOJIFICHA CHUPANI

Sasa turudi kwenye dhahabu. Tulisema asidi ya nitriki haiwezi kuila. Asidi ya chumvi nayo haiwezi. Lakini mabingwa wa zamani waligundua kwamba asidi hizo mbili zikichanganywa huiyeyusha dhahabu. Mchanganyiko huo waliuita maji ya kifalme, kwa sababu huweza kumshinda mfalme wa madini. Dhahabu ikiyeyuka humo, hutoweka machoni. Yanabaki maji ya rangi ya manjano au ya machungwa.

Utajuaje kwamba katika maji hayo mna dhahabu? Mwaka 1685 kilichapishwa kitabu cha Andreas Cassius juu ya dhahabu. Humo ilielezwa kwamba maji ya dhahabu yakikutana na maji ya bati, hutokea rangi nzuri ya zambarau. Mafundi wa kioo na vyombo vya udongo waliitumia rangi hiyo kwa mapambo. Watafutaji wa dhahabu waliitumia kama swali: mwamba husagwa, huchemshwa katika maji makali, hutiwa tone la bati. Ikitokea zambarau, dhahabu imo.

Kuna kisa kimoja cha kweli ambacho kila mtu wa nchi ya dhahabu anafaa kukijua. Katika Aprili mwaka 1940, majeshi ya Ujerumani ya Hitler yaliingia Denmaki. Katika mji wa Copenhagen kulikuwa na chuo cha uchunguzi cha Niels Bohr. Wataalamu wawili wa Kijerumani, Max von Laue na James Franck, walikuwa wameweka huko medali zao za Nobeli ili zisinyang'anywe. Medali hizo zilikuwa za dhahabu na zimechorwa majina yao. Kutoa dhahabu nje ya Ujerumani lilikuwa kosa kubwa katika utawala ule, na wenye majina hayo wangeweza kupata taabu.

George de Hevesy, mtaalamu wa kemia aliyefanya kazi pale, hakuzifukia ardhini. Alizitia katika maji ya kifalme mpaka zikayeyuka zote. Akaiweka chupa juu ya rafu, miongoni mwa chupa nyingine. Askari walipekua, chupa wakaiona, wakaiacha. Vita vilipokwisha, chupa ilikuwa bado pale pale. Dhahabu ikatolewa tena katika yale maji, ikapelekwa Uswidi, na medali zikatengenezwa upya. Franck alikabidhiwa yake mwaka 1952.

Mnaona? Askari waliokuwa na bunduki hawakuweza kuiona dhahabu iliyokuwa mbele ya macho yao, kwa sababu hawakujua kuiuliza chupa.

5. KUTOKA GLASGOW MPAKA GEITA

Sasa tunafika kwetu. Katika mwaka 1887, mjini Glasgow, Uskoti, John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest walipata njia mpya. Waliona kwamba maji yenye sayanidi kidogo huweza kuyeyusha dhahabu iliyomo katika mchanga, hata ikiwa chembe zake ni ndogo kiasi cha kutoonekana. Baada ya miaka michache njia hiyo ilikuwa ikitumika katika machimbo ya Johannesburg, kisha ikaenea duniani.

Hapa Tanganyika, serikali ya Waingereza ilianzisha idara ya uchunguzi wa miamba mwaka 1925, na makao yake yakawa Dodoma. Kazi hiyo inaendelea mpaka leo chini ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, ambayo ina maabara ya kupima mawe na udongo. Huko Geita, mgodi wa zamani ulifanya kazi tangu mwaka 1936 mpaka mwaka 1966. Mgodi mkubwa mwingine ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Upande wa Shinyanga, katika nchi ya Kahama, mgodi wa Bulyanhulu ulifunguliwa mwaka 2001. Na wachimbaji wadogo wamo kila upande, wenye makarasha ya kusagia mawe, zebaki ya kukamatia dhahabu, na marundo ya marudio, yaani mchanga uliokwisha oshwa. Marudio hayo hutiwa katika matangi ya sayanidi ili kutoa dhahabu iliyosalia.

Maji ya sayanidi ni meupe. Kiasi kidogo huua mtu, ng'ombe au samaki. Basi fundi wa tangi anajuaje kwamba sayanidi bado imo, na ni kiasi gani? Hutumia rafiki yetu yule yule, maji ya fedha. Mwaka 1851 Justus von Liebig, Mjerumani, alieleza njia hii. Pima kiasi fulani cha maji ya tangi. Tia maji ya fedha tone kwa tone, ukihesabu. Mwanzoni kila tone hupotea, maana sayanidi huishika fedha na kuificha. Sayanidi ikimalizika kazi, tone linalofuata huacha wingu lisiloondoka. Hapo simama. Hesabu ya maji ya fedha uliyotumia ndiyo hesabu ya sayanidi iliyokuwamo. Migodini mpaka leo kuna watu wanaopima kwa matone kama hivi kila siku.

Fundi hupima jambo jingine pia: kama maji ya tangi bado ni alkali. Hutiwa chokaa ili yabaki hivyo. Sababu yake ni ya uhai na mauti. Sayanidi ikikutana na asidi, hutoa hewa ya sumu inayoweza kumwua mtu kwa muda mfupi.

Sasa mkumbuke yule mtumishi wa zahanati. Kwa nini aliomba magadi, asiombe limao? Limao ni asidi. Kama chupa ile ingekuwa na sayanidi, limao lingeweza kuinua sumu usoni pake na usoni pa mama na mtoto. Magadi ni alkali, hayawezi kufanya hivyo. Hakubahatisha. Mtu huyo alichagua swali ambalo, hata jibu liwe lipi, halitamdhuru mtu. Ujuzi wa namna hiyo ndio niliotaka kuwaonyesheni leo.

6. MAFUNDISHO KWETU

Ndugu wasikilizaji, wengine wenu mtasema, "Sisi hatuna maabara. Mambo haya yatatufaa nini?" Nawajibu kwa mambo matatu.

La kwanza, biashara. Kwa miaka mingi mchimbaji alileta kipande chake kwa mnunuzi, mnunuzi akatia tone, akatikisa kichwa, akataja bei. Mchimbaji hakujua tone lile lilikuwa la nini. Mwenye kujua kuuliza alikuwa upande mmoja tu wa meza. Mwaka 2019 serikali ilianza kufungua masoko ya madini, na Geita ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza. Siku hizi hutumika pia mashine za kupimia. Lakini mashine nayo hulinganishwa na kitu kinachojulikana, kama lile jiwe la Lidia. Una haki ya kusema, "Pima mbele yangu. Pima tena. Nionyeshe umelinganisha na nini."

La pili, chupa. Asidi, sayanidi na zebaki zisitiwe kamwe katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Kila chombo kiandikwe jina. Ninyi mliojifunza kuandika mwaka huu, hii ni kazi yenu. Neno SUMU lina herufi nne tu. Mtu aliyeliandika kwa mkaa juu ya chupa ameokoa watu wengi asiowajua.

La tatu, shauri. Maji ya kisima yakitiliwa shaka, msiamini macho wala ulimi. Mwelezeni ofisa afya au mamlaka ya maji. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina maabara pia, na Kanda ya Ziwa ofisi yake iko Mwanza. Wahenga wetu walisema, kuuliza si ujinga. Nasi leo tumeona kwamba hata maji huulizwa.

JARIBIO LA DARASA

Mwalimu na alete choya kavu, limao, magadi na chumvi. Loweka choya katika maji ya moto mpaka maji yawe mekundu. Yagawe katika vikombe vinne. Katika cha kwanza usitie kitu. Hicho ni cha kulinganishia. Cha pili tia limao, cha tatu tia chumvi, cha nne tia magadi. Tazameni rangi na kuziandika ubaoni. Kisha mwalimu ayeyushe chumvi na magadi katika vikombe viwili vya maji kwa siri, na wanafunzi wavitambue kwa maji ya choya bila kuonja. Msitumie asidi ya betri wala dawa yo yote ya machimbo katika jaribio hili.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ulimi una makosa gani mawili ukitumiwa kama kipimo?

2. Kwa nini wingu jeupe la maji ya fedha halikutosha kutambua chumvi?

3. Kwa nini mtumishi wa zahanati alitumia magadi, asitumie limao?

4. Katika kijiji chenu, ni maji gani yanayofanana na maji ya kunywa, nayo ni hatari? Yamewekwa wapi? Nani ataandika jina juu ya chombo?

Swali la nne msilijibu darasani tu. Mkitoka, nendeni mkatazame nyumbani kwenu, dukani na mwaloni. Kila darasa litume barua fupi ya kueleza mliyoyaona.

Huu ndio mwisho wa somo letu la leo.